Tumuachie Rangi ya Nini

Tik. Tik-tik. Kimya kidogo. Tik. Hiyo ni sauti ya kipanya cha kompyuta ya Tonton Safari, mdogo wake Mama, na utotoni nilipoisikia nilijua kuna mtu anatolewa rangi. Ilikuwa sauti ndogo, kama kuku anayedonoa mahindi kwenye sahani ya bati, lakini ndani ya kile chumba cha matofali ya udongo ilisikika kuliko redio. Akifika sehemu ngumu, kama masikio au vidole, Tonton alibana pumzi. Hapo tik zilikuja mojamoja, na mimi niliyekuwa nimekaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa nilijikuta nimebana pumzi pia.

Imenirudia juzi tu. Siku hizi nasuka nywele za watu Lilongwe, nawafuata nyumbani kwao, na juzi nilikuwa mtaa wa Area 18 kwa binti mmoja asiyetulia kichwa. Nikiwa katikati ya msuko alijipiga picha na simu, akagusa gauni lake jekundu kwa kidole, na kila kitu kingine kikawa kijivu: ukuta, kochi, uso wake, mikono yangu nyuma ya shingo yake. Kufumba na kufumbua. Akanigeuzia kioo, akaniuliza kwa Chichewa kama si nzuri. Nikamwambia nzuri sana, na nilisema kweli, maana mimi mwenyewe nina ndoto ya kufungua studio siku moja, pazia langu nimekwisha kulichagua kichwani. Ila nilikuwa nasubiri tik, na tik haikuja, na mkono wangu ukasahau ulikuwa umefika wapi.

Wenzangu mliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mtaikumbuka studio ile, hata kama jina lake limewatoka. Ilikuwa kwenye njia ya kuteremkia sokoni, kati ya mama aliyekaanga mandazi na fundi baiskeli. Mlangoni kitenge, ndani benchi, na ukutani pazia la kupigia picha lililochorwa ngazi nzuri ya kupanda kwenda kwenye nyumba isiyokuwepo, na pembeni gari jekundu ambalo magurudumu yake hayakulingana. Kila mmoja wetu ana picha mbele ya gari lile. Mle ndani mlinuka wino, plastiki iliyopashwa moto na mafuta ya mandazi, na nywele za Tonton zilinuka hivyohivyo hata Jumapili kanisani.

Tonton alitoka Bukavu na diploma yake ndani ya mfuko wa plastiki, na jambo alilolipenda kuliko yote duniani lilikuwa kuchukua picha yenye rangi, kuifanya nyeusi-nyeupe, halafu kuacha kitu kimoja tu na rangi yake. Bibi harusi na gauni na bwana wake wote wanakuwa kijivu kama majivu ya jikoni, yale maua mkononi yanabaki mekundu. Watu walitoka mpaka vijiji vya jirani kuja kutafuta maua yale. Watoto hatukuruhusiwa kusimama nyuma ya kiti chake, alisema tunampumulia shingoni na mkono unatetemeka. Kwa hiyo mimi kazi yenyewe sikuiona. Niliiona picha ikiingia na rangi, nikasikia tik kwa muda mrefu, nikaiona ikitoka bila rangi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi.

Halafu kulikuwa na picha za wafu. Sijui desturi ile ilianzia kwa nani, huenda mtu alipenda maua ya harusi akaomba hivyohivyo kwa ajili ya msiba, na wengine wakafuata. Mtu akifa, ndugu zake walileta picha yake aliyosimama peke yake. Walikaa kwenye benchi, macho yamevimba, na Tonton akawauliza polepole: "Tumuachie rangi ya nini?" Basi hapo mazungumzo yanaanza. Nawakumbuka mabinti wa mzee mmoja wa Uvira.

"Muache kravati," mkubwa alisema, akionyesha ile tai shingoni.

"Kravati gani? Papa alivaa kravati siku ya ndoa yako tu, tena ulimulazimisha."

"Basi kofia."

"Kofia ilikuwa ya kuazima."

"Ya kuazima ya nani? Amekufa nayo ku kichwa, mwenyewe hakuja kuiuliza."

Wakacheka wote, halafu wakalia, halafu wakakubaliana kofia. Tonton alikaa na mkono juu ya kipanya bila kuharakisha mtu. Aliniambia baadaye kwamba kazi yenyewe ni ile ya kwenye benchi, iliyobaki ni kubonyeza.

Hakuna aliyenieleza maana yake, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe. Niliamini mtu akifa rangi yake inachukuliwa, anaachiwa kitu kimoja tu ili wale waliotangulia wamtambue akifika. Maharusi walinisumbua kidogo, kwa sababu walitembea sokoni wazima kabisa, lakini nikawapatia jibu: wao wako wawili, wanashikana, hawawezi kuchukuliwa. Aliye peke yake kwenye picha ndiye aliyekwenda.

Mama yangu alikuwa na uvimbe shingoni. Wanawake wengi wa milimani kwetu wanao, si jambo la kushangaza mtu, lakini yeye aliuficha. Alivaa fulari ya kijani, kile kitambaa chepesi cha kufunga shingoni, asubuhi mpaka jioni, hata akiwa kwenye cherehani yake na jua limekalia bati. Fulari ile alipewa na Mama Kevine, jirani yetu Mrundi aliyeuza nyanya. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja na moto mmoja. Walibishana kila siku, Mama akisema Mama Kevine anatia chumvi kama anayehifadhi samaki, Mama Kevine akisema watu wa Bukavu wanapika maharage kama wanayaogopa, na kila siku walikula sahani moja. Binti yake Kevine ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Papa simkumbuki, alibaki nyuma kule tulikotoka, na katika hadithi hii hayumo. Nilikuwa na Mama.

Mambo mawili yalifika karibu pamoja. Jina la familia ya akina Kevine lilitoka kwenye orodha ya wale wa kupanda ndege kuhamia nchi ya mbali. Na hospitali ya Lilongwe ikamwita Mama akatolewe ule uvimbe, kwa sababu ulikuwa umeanza kumziba pumzi akilala. Jumapili kabla hajaondoka tulikwenda wote studio, na nguo zetu za kanisani, kupiga picha ya kuagana. Tulipiga pamoja, sisi na wao, watoto mbele. Kisha Mama Kevine akatusukuma wote pembeni.

"Sasa wewe peke yako," alimwambia Mama.

"Peke yangu ya nini? Miguu inaniuma."

"Simama. Kule nitakuwa na watoto wangu, nimechoka kuwaona. Nataka sura yako."

"Sura na ngazi ya Safari."

"Ngazi ataikata. Funga mdomo, unacheka kama mbuzi."

Mama alifunga mdomo, lakini macho yaliendelea kucheka, na Tonton akapiga hapohapo.

Mama akaondoka na Dada Esperance wa kanisani kwetu, kwa sababu katika hospitali za hapa mgonjwa anakuja na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Aliniachia maagizo mengi. Nile nsima yote, ule ugali wa huku. Nisimwombe Tonton sukari. Na nywele zangu nisimpe Kevine azisuke, "atakuharibia kichwa, nitakujua hata kwa mbali." Nilihamia kwa Tonton, na kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, nilishinda studio juu ya ndoo yangu. Kevine alizisuka zile nywele siku ileile.

Siku moja mchana nilikuwa nachambua karanga, Mama Kevine akaingia mbiombio, amefunga mtoto mgongoni. Kesho yake walitakiwa Lilongwe, familia nzima, kupimwa kwa ajili ya ndege.

"Safari, ile picha ya Mama Riziki, nitengenezee ile mode yako." Riziki ni mimi.

"Ya nyeusi-nyeupe?"

"Ndiyo. Kubwa, ya kuingia mu cadre ya ukuta."

"Tumuachie rangi ya nini?" Tonton aliuliza. Nadhani mdomo wake ulikuwa umekwisha kuyazoea maneno yale.

"Umuachie fulari yake. Nini ingine?"

Akatoka. Nakumbuka karanga iliyokuwa katikati ya vidole vyangu, ganda lake limepasuka nusu. Nilisikia kiti cha Tonton kikisogea. Kisha tik. Tik-tik. Kimya. Tik. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu ile fulari ilikuwa na vishada vyake vidogovidogo pembeni na Tonton hakupenda kazi ya ovyo. Printa ikanguruma, na akaibana picha kwa kibanio cha nguo kwenye kamba pale juu, wino ukauke. Pembeni yake alikuwa mzee wa kofia, ndugu zake walikuwa hawajaja kumchukua. Mama alitazama mbele, kijivu, macho yake yanacheka, na shingoni kijani kama majani ya maharage baada ya mvua.

Mtaniuliza kwa nini sikuuliza. Lakini ninyi pia mmelelewa kama mimi. Kwetu mtoto haambiwi kifo. Anatumwa kwa jirani, anapewa kitu kitamu, akirudi anakuta watu wamekaa chini. Na jioni ile Tonton, ambaye hakuwa mtu wa kununua vitu hovyo, alininunulia mandazi. Nilijaribu kidogo tu.

"Tonton, Mama iko wapi?"

"Iko Lilongwe, si unajua."

"Iko anafanya nini?"

"Iko anangojea docteur." Aligeuka akatazama mlango. "Kula mandazi yako."

Alikuwa na hofu juu ya dada yake, hilo naliona sasa. Wakati ule niliona mtu mzima anayeficha. Mandazi niliyatia mfukoni. Nilihisi nikiyala nimekubali.

Kesho yake Tonton alikwenda boma, mji wa wilaya, kununua karatasi, akaniacha nilinde studio na kuwaambia wateja warudi mchana. Akaja Maman Pasteur, mke wa mchungaji wetu, kuchukua picha ndogo za kitambulisho. Mwanamke mzuri, mnene, sauti ya chorale, kwaya ya kanisa. Aliinua macho kwenye kamba akaanza kuwasalimia waliotundikwa, kama alivyozoea, akafika kwa Mama akanyamaza.

"Riziki. Iyi picha nani alileta?"

"Mama Kevine."

"Alisema nini?"

"Alisema bamuachie fulari."

"Na Tonton yako?"

"Alimuachia."

Maman Pasteur aliweka mkono mdomoni. Kisha akakaa kwenye benchi, akanivuta, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa na miguu yangu ilifika chini. Nilimwona anatikisa kichwa, nikajua: kumbe ni kweli, hata yeye anajua. Naye, nafikiri, alipoona sikuuliza chochote na sikushangaa, akasema moyoni vilevile: kumbe ni kweli, hata mtoto anajua. Tulithibitishiana hivyo, mimi na yeye, bila neno hata moja.

Habari Dzaleka haihitaji baiskeli. Jua lilikuwa bado halijafika katikati nilipochukuliwa kwenda kwetu, na mikeka ilikwisha kutandikwa mbele ya mlango. Wakongomani walikuja, Warundi wakaja, wote wa kanisa na wengi wasio wa kanisa, kwa sababu Mama aliwashonea watoto wao nguo za shule. Kila mwanamke alikuja na kitu kama desturi inavyotaka: huyu unga kwenye kikombe, huyu kuni chache kichwani. Nyote mnajua kuni kule zinapatikanaje, mtu anatembea mpaka miguu inawaka na wenyeji wanamfukuza. Lakini kwa kilio watu wanatoa. Zile kuni zilipangwa vizuri kando ya ukuta wetu, na wimbo ukaanza.

Mimi sikulia. Niliwekwa katikati, nikafunikwa kitenge cha mtu, na kutoka mle ndani niliona miguu ya wanawake tu, mingine na vumbi, mingine na rangi ya kucha iliyobanduka. Nilikuwa nimekwisha kujua tangu jana, na anayejua tangu jana anaona kilio cha leo kimechelewa. Nilifikiri mambo madogo. Nani atamaliza ile sare iliyobaki kwenye cherehani. Kama akina Kevine wakiondoka, ukuta ule wa pamoja utakuwa wa nani.

Tonton alirudi amekaa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, bunda la karatasi magotini. Alishuka kabla baiskeli haijasimama. Wanawake walipomwona walipandisha sauti, kama inavyofanywa mwenye msiba akifika, na yeye akasimama pale njiani na karatasi zake.

"Nani?" aliuliza. "Nani iko amekufa kwangu?"

"Safari, ujikaze," Maman Pasteur alimwambia, amemshika mkono. "Kwa nini ulificha? Hata mutoto anajua. Picha tumeiona."

Tonton alitoa simu akampigia Dada Esperance. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akatazama mikeka, akatazama kuni, akatazama uso wa Maman Pasteur, ambaye hajawahi kumdanganya mtu. Kisha nikamwona mjomba wangu anakaa chini mkekani pamoja na wengine, taratibu, na bunda lake la karatasi akalipakata kama mtoto.

Nimemuuliza mara nyingi nilipokua: wewe ndiye uliyeitengeneza ile picha, ulijua ni ya Mama Kevine kubeba, ulikaaje? Hajawahi kukasirika. "Bamama walikuwa wengi," anasema. "Na simu ilikuwa imezimwa. Nikasema labda bao bamesikia habari kwanza, mbele yangu, na ile picha bameiona tu kisha." Siku ileile, wakati tunaimba, dada yake alikuwa amelala juu ya meza ya daktari. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama atapona, si sisi, si wao wa hospitali.

Jua lilipoanza kulala upande wa sokoni, simu ikalia. Ilikuwa Esperance mwenyewe, alikuwa ameacha simu yake kwenye duka la kuchaji nje ya hospitali. Tonton akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Ametoka vizuri," Esperance alisema. "Bametoa yote. Iko amelala."

"Nipe yeye."

"Hawezi kusema, Tonton. Ni koo. Docteur amekataza."

"Muambie akohoe tu."

"Akohoe namna gani na amefungwa? Iko salama, minakuambia. Kwani kule munaimba nini?"

Bibi mmoja nyuma yangu akasema chini kwa chini, "Njo vile banasemaka kila mara. Iko amelala." Na ni kweli, ndivyo wanavyosema. Wengine walikunja mikeka, wengine walibaki, na waliobaki hawakuimba wala hawakuondoka. Hata Tonton hakuingia ndani. Alikaa na simu mkononi mpaka watu wa mwisho walipochoka.

Asubuhi tulikwenda Lilongwe, mimi na yeye. Nje ya hospitali palijaa moshi, wale wanaowapikia wagonjwa wamekaa kila mmoja na sufuria yake, wanagombea bomba la maji. Esperance alitupokea akatupitisha kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia. Alimwonyesha Tonton kitanda kwa kidevu.

Mtu aliyelala pale alikuwa na bandeji nyeupe shingoni na shuka la kijivu mpaka kifuani. Midomo imekauka, uso umepauka kama unga. Macho yalikuwa wazi, lakini hata ya mzee wa kofia yalikuwa wazi. Na fulari haikuwepo. Nilisimama mbali, kwenye miguu ya kitanda. Tonton akanisukuma mgongoni.

"Enda, salimia mama yako."

"Mama," nilisema, "toa ulimi."

"Mutoto gani huyu," Esperance alisema.

"Mama, toa ulimi."

Mama alinitazama, akamtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameanza kulia bila sauti. Sidhani alielewa. Lakini alikuwa mama, mtoto wake alikuwa ameomba kitu kisichogharimu, basi akafungua mdomo akautoa. Ulikuwa na weupe wa uji juu, na pembeni ulikuwa mwekundu, wa kweli, unatetemeka kidogo. Niliutazama mpaka akachoka akaurudisha. Kisha mkono wake ukapanda kutoka chini ya shuka, ukashika msuko mmoja wa Kevine juu ya sikio langu, ukauvuta, na sura yake ikakunjamana kabisa kama anayeonja maziwa yaliyochacha. Hakuwa na sauti, lakini alinigombeza vizuri sana, kwa nyusi, mpaka nikaanza kulia. Nililia kilio chote cha jana palepale.

Tuliporudi Dzaleka, Tonton aliniita nyuma ya kiti chake, mahali tulipokatazwa, akanikalisha kwenye kiti chenyewe. Akafungua picha ya Mama yenye rangi zote. Akabonyeza kitufe kimoja, na Mama akawa kijivu mzima mara moja, bila sauti yoyote.

"Tik iko wapi?" nilimuuliza.

"Tik ya nini? Kutoa haina kazi. Kitufe kimoja. Tik njo ya kurudisha."

Sikuelewa, akanionyesha. Kumbe alikuwa anaweka picha mbili moja juu ya nyingine, ya rangi chini na ya kijivu juu, kisha kwa kifutio kidogo anaifuta ile ya juu, punje kwa punje, pale anapotaka, mpaka ile ya chini itokee. Muda wote ule niliokaa kwenye ndoo nikisikia watu wanaporwa, mjomba wangu alikuwa anawafukua. Alinipa kipanya. Nilianzia sikioni kwa Mama, mkono wangu unateleza, na hudhurungi ikatokea chini ya kijivu kama kiazi unapokiosha udongo. "Pole pole," alisema, "usimupumulie."

Mama Kevine alirudi kutoka kupimwa akakuta habari yote, akaja studio amejifunika kichwa kwa aibu. Tonton alikuwa amemtengenezea nyingine, yenye rangi kamili, watu wasiseme. Aliitazama akairudisha.

"Nipe ile ya fulari."

"Bibi, watu watasema unabeba maiti."

"Kule hawajui mambo yetu. Wataona fulari tu, watauliza nani alimpa." Akaifunga ndani ya kitenge chake. "Mimi ndiye nilimpa."

Siku chache baadaye, kabla Mama hajatoka hospitali, wakaondoka. Kevine hakuniaga vizuri, alikuwa na viatu vipya na alikuwa anavitazama.

Ilibaki shida ya kuni. Unga haukusumbua sana, Tonton aliwagawia watu wa chorale wakanywa uji. Lakini kitu kilicholetwa kilioni hakirudi kwa mwenyewe, na kuni zile zilikuwa za kilio cha mtu aliye hai, hakuna aliyejua sheria yake. Zilikaa kando ya ukuta wetu, zimepangwa vizuri, na watu waliokuwa wanapikia vibanzi na vigunzi vya mahindi walipita bila kuzigusa. Maman Pasteur alikuja kuziombea. Aliomba vizuri, kwa muda mrefu, halafu akaondoka bila kuchukua hata ukuni mmoja. Tonton alisema atazitupa porini, akasema hivyo kila jioni.

Mama alirudi mwembamba, na sauti yake ikiwa imebadilika. Mpaka leo ni nzito na ina mikwaruzo, akipiga simu watu wanamwitikia baba, naye anaitikia tu. Siku ile alikuwa na mnong'ono peke yake. Alisimama mlangoni akazitazama kuni muda mrefu. Alikuwa amekwisha kuambiwa, Dzaleka hapabaki siri.

"Iyi yangu?" alininong'oneza.

"Ndiyo, Mama."

Akacheka, ameshika shingo kwa mikono miwili kwa sababu ilimuuma, akaingia kulala.

Tonton alikuwa studio. Makaa yalikuwa yamekwisha, na Mama alikuwa na vumbi la safari na harufu ya hospitali mwilini. Sikumuuliza mtu. Nilichomoa zile kuni za juu, zilizonyooka, nikaziingiza kati ya mafiga, nikapuliza. Zilikuwa kavu, zilishika haraka. Majirani wawili walisimama njiani wakitazama. Nikajaza sufuria kubwa, nikabandika maji ya Mama ya kuoga.